Ronald Ngala na viti viwili alivyokalia

Watu wetu wa pwani wakimtaja marehemu Ronald Ngala hawafiki mbali kabla ya kulitaja neno majimbo. Ni sawa, maana hakuna mwanasiasa wa Kenya aliyelibeba neno hilo kuliko yeye. Lakini kuna jambo katika maisha yake ambalo kwenye barza zetu halizungumzwi sana, nalo ndilo lililonikalisha kuandika leo. Mwaka 1963 Ngala alikuwa na viti viwili kwa wakati mmoja. Kimoja kilikuwa Mombasa, cha rais wa Bunge la Jimbo la Pwani. Cha pili kilikuwa Nairobi, cha kiongozi wa upinzani katika Bunge la nchi. Kwa kiti cha kwanza alitawala, kwa cha pili aliwauliza maswali waliotawala. Novemba 1964 alikiacha hicho cha kuuliza maswali, na kile cha kutawala hakikuchukua muda kikavunjika.

Alizaliwa mwaka 1923 katika nchi ya Wagiriama, upande wa Kaloleni. Alisoma shule ya misheni ya St. John's hapo Kaloleni, akaenda Alliance kule Kikuyu, kisha Makerere nchini Uganda, akarudi na stashahada ya ualimu. Mimi mwenye stashahada yangu ya uhasibu hupenda kuwakumbusha vijana wanaodharau karatasi hiyo kwamba waliokaa mezani kuandika katiba ya kwanza ya nchi hii wengi wao walikuwa walimu tu. Ngala alifundisha, akawa mwalimu mkuu, akafanya kazi Taita na Mombasa, na jina lake likajulikana kwanza shuleni kabla ya kujulikana kwenye mikutano.

Kuna jambo ambalo hata Wagiriama wenyewe wengi hawalijui siku hizi. Kabla ya kuingia siasa aliandika kitabu kwa Kiswahili kiitwacho Nchi na Desturi za Wagiriama, kilichochapishwa mwaka 1949. Nakitaja kwa sababu jina lenyewe lanieleza mengi. Huyu alikuwa mtu ambaye akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, tayari aliwatazama watu wake kuwa na nchi, na nchi hiyo kuwa na desturi zake. Mtu aliyelelewa kwenye habari za kaya na wazee wa kambi, waliokuwa wakiamua mambo yao bila kungoja barua kutoka Nairobi, si ajabu akaja kuiona serikali moja ya juu kuwa kitu cha kutiliwa shaka. Hayo ni mawazo yangu, lakini nadhani siko mbali.

Alianzia kwenye baraza la manispaa ya Mombasa. Machi 1957 Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, wanane walipita, na kutoka pwani akapita Ngala. Humo ndani alikuwa na kina Oginga Odinga, Tom Mboya, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Wanane hao jambo la kwanza walilofanya ni kukataa nyadhifa za uwaziri walizotengewa, wakidai viti zaidi kwanza. Kwa hiyo mwanzo wa Ngala bungeni ulikuwa mwanzo wa mtu anayekataa kuingia serikalini ili awe na nafasi ya kuidai. Msomaji wangu aliweke hilo kichwani, tutalihitaji.

Alikuwa mpole wa sauti na si mtu wa makeke, na labda ndiyo maana wenzake walimwamini. Mkutano wa kwanza wa Lancaster House ulipofanyika London mwanzoni mwa 1960, Kenyatta akiwa bado kizuizini, aliyeongoza ujumbe wa wabunge Waafrika alikuwa Ngala, na Mboya akawa katibu. Yaani kuna wiki kadhaa katika historia ya nchi hii ambapo Mgiriama wa Kaloleni ndiye aliyekuwa uso wa Waafrika wote wa Kenya mbele ya Waingereza.

Umoja huo haukudumu. Mei 1960 KANU ikaundwa Kiambu, na Ngala akachaguliwa mweka hazina pasipo yeye kuwapo. Hakukubali. Mwezi wa Juni yeye na wenzake wakakutana Ngong wakaunda KADU, yeye akiwa kiongozi, Muliro na Moi wakiwa viongozi wenzake, na kijana Martin Shikuku akiwa katibu mkuu. Hoja yao ilikuwa hofu, na sioni aibu kulitumia neno hilo. Wagiriama, Wakalenjin, Wamasai, Waluhya na wengineo waliogopa kwamba uhuru ukija, makabila mawili makubwa yaliyokuwa nguzo ya KANU yatachukua ardhi na kazi, nao watabaki kupiga makofi.

Uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19, KADU 11. KANU ikagoma kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiwe. Ngala akakubali kuiunda, kwa msaada wa wazungu wa chama cha Michael Blundell na wajumbe walioteuliwa na gavana. Akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Wapinzani wake hawakumsamehe kwa hilo, na hata leo wapo wanaomwita kibaraka wa masetla. Mimi naona ni hukumu ya haraka. Kenyatta aliachiwa Agosti mwaka huohuo, serikali ya Ngala ikiwa ofisini, na Ngala alikuwa mmoja wa waliodai aachiwe. Lakini ni kweli pia kwamba masetla walikuwa na sababu zao za kuyapenda majimbo, na kwamba chama chake kilikwenda London mwaka 1962 na mshauri wa katiba kutoka Uswisi, nchi ambayo wilaya zake hujitawala. Hofu ya mnyonge na hofu ya tajiri zilikaa mkeka mmoja.

Hapa yafaa niseme la kwetu, maana wazee wetu wa Mji wa Kale na Malindi na Lamu hawakuwa wote upande wa Ngala. Ukanda wa maili 10 ulikuwa bado chini ya jina la Sultani wa Zanzibar kwa mkataba wa mwaka 1895, na bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus. Waarabu na Waswahili wengi, na baadhi ya Waislamu wengine, walitaka Mwambao uwe na serikali yake au urudi Zanzibar. Ngala alilipinga hilo waziwazi. Aliitaka pwani yote iwe jimbo moja, kuanzia bahari mpaka bara ya Taita, na Wamijikenda waliokuwa wengi wawe na sauti ndani yake. Ripoti ya Sir James Robertson ya mwaka 1961 ikapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, wakabadilishana barua za makubaliano kulinda mahakama za kadhi, elimu ya Kiislamu na hati za ardhi za watu wa ukanda, na shauri likaishia hapo.

Kuna wazee ambao hadi walipokufa waliamini kwamba Ngala ndiye aliyewauza. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Alichowapa badala ya Mwambao kilikuwa jimbo lenye Bunge lake Mombasa, na kwenye karatasi kilikuwa kitu kizito. Swali langu kwake ni jingine kabisa, nalo lahusu yaliyofuata.

Katiba ya 1963 iligawa nchi katika majimbo saba na eneo la Nairobi. Kila jimbo lilikuwa na Bunge lake na rais wake. Mambo ya ardhi, shule za msingi, afya, serikali za mitaa na sehemu ya polisi yaliwekwa mikononi mwa jimbo kwa viwango mbalimbali. Juu yake kukawekwa Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi, iwe mlinzi wa majimbo. Ili kubadili yale masharti mazito yaliyolinda majimbo ilihitajika robo tatu ya Baraza la Wawakilishi, na kwenye Seneti asilimia 90. Yaani maseneta watano tu wakisimama imara, mlango haufunguki. Ngala alilipigania hilo London kana kwamba alijua yatakayokuja.

Mei 1963 kura zikapigwa. KANU ikashinda Bunge la nchi kwa kishindo, na Kenyatta akawa waziri mkuu tarehe 1 Juni. KADU ikashika majimbo matatu: Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi. Ndipo Ngala akapata viti vyake viwili.

Sasa tazama jinsi jimbo lilivyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo watu wetu hupita mbio. Mkuu wa mkoa wa zamani alibadilishwa jina akaitwa katibu wa jimbo, na mkuu wa wilaya akaitwa wakala wa serikali ya jimbo. Majina yalibadilika, watu wakawa walewale, na macho yao yakabaki Nairobi kwa aliyekuwa akiwapandisha vyeo. Vyanzo vikubwa vya kodi vilibaki kwa serikali kuu. Jimbo lingepewa sehemu yake na kuachiwa kodi ndogondogo, lakini fedha na idara zilizotakiwa kuhamishiwa majimboni zilicheleweshwa, mara kwa sababu hii, mara kwa sababu ile. Rais wa jimbo angeweza kuitisha kikao, kupitisha azimio na kupiga kelele. Barabara haikutengenezwa kwa azimio.

Mtu aliyesomea hesabu za umma anajua kwamba hali kama hiyo haina dawa ndani ya jimbo lenyewe. Aliyezuia fedha yuko Nairobi, na anayeweza kumsimamisha akamuuliza kwa nini ni mbunge wa Nairobi. Kwa hiyo kile kiti cha upinzani ndicho kilichokuwa mkono wa Jimbo la Pwani. Kila swali kuhusu fedha zilizokwama, kila swali kuhusu ofisa aliyekataa amri ya jimbo, lilikuwa na pa kuulizwa maadamu Ngala alikuwa amekaa upande wa pili wa ukumbi, na wenzake wa Seneti wakihesabu kura zao.

Mimi naishi Nairobi siku hizi, mtaa wa Pipeline, Embakasi Kusini, uliopata jina lake kutokana na bomba la mafuta litokalo kwetu Mombasa. Ni ghorofa zilizobanana hata jua halifiki chini, na wapangaji wa kila pembe ya Kenya. Jirani yangu mmoja ni kijana wa Garissa, twakutana msikitini magharibi. Alikuwa akidhani Ngala ni jina la barabara tu, ile ya mjini ambako watu wa Eastlands hukimbilia matatu. Nilipomweleza habari za majimbo, akataka kujua kwao kaskazini walipata nini. Lilikuwa swali zuri kuliko alivyodhani.

Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuwa na kisa chake. Tume ya mwaka 1962 ilikwenda huko ikakuta Wasomali, walio wengi, wakitaka kujiunga na Somalia. Waingereza hawakuwapa walilotaka. Machi 1963 wakawapa jimbo la saba, Jimbo la Kaskazini Mashariki, wakitumaini watatulia. Hawakutulia. Uchaguzi wa Mei ukasusiwa huko, na jimbo likaanza maisha yake bila wawakilishi waliochaguliwa. Kabla Desemba 1963 haijaisha, uhuru ukiwa na wiki mbili tu, hali ya hatari ikatangazwa katika jimbo hilo, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea mpaka 1967. Watu waliwekwa vijijini chini ya ulinzi, mifugo ikachukuliwa, wengine wakafa. Hilo ndilo jimbo la kaskazini: lilipewa jina la kujitawala, likatawaliwa na askari, na halikuwa na sauti ya kuuliza katika ukumbi wowote. Nikamwambia jirani yangu kwamba sisi wa pwani tulikuwa na bahati kubwa kuliko wao, kwa sababu tulikuwa na mtu wa kuuliza. Tulikuwa naye kwa mwaka mmoja na nusu.

Katika mwaka 1964 wabunge wa KADU walianza kuhama mmojammoja. Wengine walishawishiwa kwa vyeo, wengine waliambiwa kwamba maendeleo yataenda kwa wanaoiunga mkono serikali, wengine walichoka tu. Serikali ilitaka kubadili katiba nchi iwe jamhuri, na ikatishia kwenda kwa wananchi kwa kura ya maoni ikikosa kura Bungeni. Hesabu ya Seneti, ile ya asilimia 90, ikawa inapungua mbele ya macho ya Ngala kila seneta mmoja alipovuka.

Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala akasimama Bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa na wafuasi wake wanajiunga na serikali. Alilieleza jambo hilo kuwa ni la umoja wa nchi. Wabunge wa KANU walishangilia. Tarehe 12 Desemba Kenya ikawa jamhuri, na kuanzia hapo majimbo yakaanza kumegwa.

Nimesoma na kusikia sababu nyingi za kumtetea, na baadhi ni nzuri. Alikuwa amebaki na watu wachache. Angeshindwa tu, na kushindwa huko kungeweza kuleta damu, hasa Bonde la Ufa ambako wenzake walikuwa wameshatoa vitisho vya kujitenga mwaka uliotangulia. Aliona Zanzibar Januari ya mwaka huohuo, na kila mtu wa pwani aliona, jinsi mambo yanavyoweza kuharibika usiku mmoja. Mtu mpole hakutaka kuwa sababu ya msiba. Hilo namkubalia.

Lakini kuna tofauti kati ya kushindwa kura na kuondoka ukumbini. Upinzani ukishindwa, maswali yake yanabaki kwenye kumbukumbu za Bunge, na kesho aweza kuja mwingine akaanzia pale. Upinzani ukivuka, waziri hana tena wa kumjibu. Ngala angeweza kuikubali jamhuri na bado abaki upande ule wa pili akidai fedha za Jimbo la Pwani. Hakuna sheria iliyomlazimisha kuvua vyote viwili kwa siku moja. Nafikiri aliamini kwamba atalinda pwani vizuri zaidi akiwa ndani kuliko akiwa nje. Ndiyo imani ambayo wanasiasa wetu wamekuwa nayo tangu siku hiyo mpaka leo, na kila uchaguzi ukiisha tunawaona wakipanga foleni wakiibeba.

Kilichofuata nitakisema kwa ufupi, kwa sababu kilikwenda haraka. Makatibu wa majimbo wakarudia jina la wakuu wa mikoa. Mabunge ya majimbo yakageuzwa mabaraza ya mikoa yasiyo na nguvu, na kufikia 1968 yakaondolewa kabisa. Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi mwishoni mwa 1966. Maseneta walipiga kura ya kujizika wenyewe, wakapewa majimbo mapya ya uchaguzi, na muda wa Bunge zima ukarefushwa kwa miaka miwili. Sijui kama kuna mfano ulio wazi zaidi wa mlinzi aliyelipwa kuufungua mlango.

Ngala mwenyewe hakutupwa. Katika mkutano wa KANU wa Limuru, Machi 1966, chama kilipogawa makamu wa rais wanane, yeye akawa wa Pwani. Mwaka huo akaingia katika baraza la mawaziri, na alipofariki alikuwa waziri wa nguvu za umeme na mawasiliano. Watu wa umri wa baba yangu wanamkumbuka kwa heshima katika miaka hiyo, mtu aliyewasikiliza wadogo na asiyejilimbikizia kama wengine. Sina neno baya juu ya mwenendo wake. Lakini nikitafuta katika miaka hiyo minane jambo kubwa ambalo pwani ililipata kwa sababu yeye alikuwa ndani, silioni. Suala la maskwota wa ukanda wa maili 10, ambalo lilikuwa ndilo roho ya siasa yake, alilikuta na akaliacha.

Na kuna sheria moja ambayo nataka watu wetu waijue. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga, inayozuia maofisa wa serikali na askari kushtakiwa kwa waliyoyatenda katika vita vya kaskazini kuanzia 25 Desemba 1963 hadi 1 Desemba 1967. Nilipomtajia jirani yangu, alijua, kwao kila nyumba inaijua. Ambacho hakujua, na ambacho watu wetu wengi hawajui, ni orodha ya maeneo. Sheria ile haikutaja Mkoa wa Kaskazini Mashariki peke yake, wala haikuishia Isiolo na Marsabit. Ilitaja pia Wilaya ya Tana River na Wilaya ya Lamu. Ni pwani hiyo, ndugu zangu. Ni sehemu ya lile jimbo ambalo Ngala alikuwa rais wake. Wakati huo yeye alikuwa mmoja wa mawaziri, chama cha upinzani cha Odinga kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka uliotangulia, Seneti haikuwapo, na Bunge la Jimbo la Pwani halikuwapo. Mjane wa Garsen au wa Lamu aliyetaka kujua mumewe alipelekwa wapi alikuta mlango wa mahakama umefungwa, na ndani ya Bunge hakuna chama hata kimoja ambacho kazi yake ilikuwa kumuulizia.

Leo tunazo kaunti 47, sita zikiwa zetu, na katiba ya 2010 imesema zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Seneti imerudi. Bunge la kaunti limepewa kazi ya kumsimamia gavana, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti kila mwaka ambayo mtu yeyote aweza kuisoma. Ndugu zetu wa kaskazini, waliopata jimbo la jina mwaka 1963, wametuonyesha kitu mwaka 2021 pale Bunge la Kaunti ya Wajir lilipopiga kura kumwondoa gavana wake na Seneti ikakubaliana nalo. Kesi zilifuata mahakamani, na sina haja ya kuingia humo. Nasema tu kwamba maswali yaliulizwa, majibu yakatakiwa hadharani, na nchi nzima ikasikia. Huku kwetu nimeshuhudia mara nyingi mwakilishi wa wadi akichaguliwa kwa chama kisicho cha gavana, na kabla ya mwaka kuisha yuko kwenye msafara wa gavana, akisema anawaletea watu wake maendeleo. Ukimuuliza ripoti ya mkaguzi inasema nini kuhusu dawa au kuhusu barabara, hajaifungua. Yeye pia amevuka ukumbi, ila hakuna aliyemshangilia kwa sababu hakuna aliyemwona akivuka.

Desemba 1972 gari la Ngala lilipata ajali karibu na Konza, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa ambayo watu wa pwani wote tumeipita. Alilazwa hospitali Nairobi na akafariki tarehe 25 Desemba, akiwa na umri wa miaka kama 49. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba nyuki waliingia ndani ya gari na dereva akashindwa kulimudu. Watu wengi wa pwani hawakuyaamini maelezo hayo wakati ule na wengi hawayaamini mpaka leo. Mimi sina ushahidi wa kuyakataa wala wa kuyakubali. Ninachokijua ni kwamba miaka miwili na ushei baadaye, alipouawa J.M. Kariuki mwaka 1975, wabunge wenye ujasiri waliunda kamati teule, wakaita mashahidi na wakaleta ripoti mezani licha ya vitisho. Kifo cha Ngala hakikupata kamati ya namna hiyo. Alizikwa kwao, upande wa Kaloleni, na hadithi ya nyuki ikabaki ilivyosimuliwa.